Kima tunamtumia kwa dharura au kwa mazoea?

Yeyote aliyewahi kuuguza mwenye virusi vya UKIMWI anaijua CD4. Wachache hujiuliza inahesabiwaje. Chembechembe nyeupe za damu zipo za aina nyingi, na nyingine ukizitazama kwa darubini zinafanana kama punje za mchele. Hutofautishwa kwa kingamwili za maabara, ambazo kila aina hunasa alama moja tu juu ya chembe. Ufundi huo ni wa Köhler na Milstein, Cambridge, mwaka 1975.

Nyingi ya kingamwili hizo hunasa pia chembe za kima. Wataalamu wakasema: kumbe damu yake inasomeka kama yetu, basi dawa tumjaribishie yeye kwanza.

Machi 2006, jijini London, vijana 6 wazima walidungwa dawa ya majaribio, TGN1412, nayo ni kingamwili ya namna hiyo hiyo. Kima walikwishapewa kipimo kikubwa mara 500 wasidhurike. Vijana wale kabla ya siku kwisha walikuwa mahututi. Wote waliokoka, lakini kwa shida. Mwaka 2010 watafiti wakachambua chembe za kima maabara, wakakuta kuwa aina moja ya chembe za kumbukumbu, ambayo kwa mwanadamu hubeba alama ya CD28 iliyolengwa na dawa ile, kwa kima haina alama hiyo.

Sasa tujiulize. Tunasema kima anafaa kwa kuwa anafanana nasi. Tukiulizwa juu ya maumivu yake, tunajibu kuwa ni mnyama tu. Hoja hizi mbili hazikai nyumba moja.

Tunaijua habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka mpaka akafa kwa njaa. Yule hakuwa na udhuru. Maabara inao: uhai wa watu, nami naukubali, maana nisingethubutu kumwambia mama mwenye mtoto mgonjwa aikatae dawa kwa sababu ya kima. Ila mafakihi wetu hawakuiacha dharura bila mipaka, huipimia kadiri yake. Na tofauti ile iliyowaponza vijana wa London ilionekana kwenye chembe za damu tu, bila kumdunga kima yeyote dawa. Kwa nini haikutafutwa kwanza?