*RAMADHANI 22: KIBABA KANDO YA ZIWA*



Jana kabla ya Magharibi kijana mmoja alikuwa anatawadha, bomba wazi, maji yanamwagika, yeye anapiga stori na mwenzake. Mzee akamwambia, "Mjukuu wangu, funga kidogo." Kijana akasema, "Babu, sisi tuko Mwanza, ziwa hilo hapo! Litaisha?" Tukacheka. Mzee akanyamaza.

Nimelala na swali lile. Maana kijana kasema kweli: Ziwa Victoria halitapungua kwa udhu wake. Sasa kwa nini tubane?

Anas (r.a.) amesimulia, na hadithi iko kwa Bukhari na Muslim, kwamba Mtume ﷺ alikuwa akitawadha kwa mudi moja, yaani kibaba, na akioga kwa pishi moja mpaka vibaba vitano. Kibaba cha maji hakifiki hata lita moja! Na huyu ndiye aliyekuwa mkarimu kuliko watu wote, na ukarimu wake ukizidi Ramadhani. Kwa nafsi yake kibaba, kwa watu mkono wazi.

Kumbe kiasi hakitegemei kilichopo ni kingi au kidogo. Kiasi ni adabu ya mkono. Mkono usiojua kuacha bombani hautajua kuacha kazini.

Tazama ziwa letu. Kokoro limepigwa marufuku kwa sababu linazoa kila kitu, mpaka sangara wachanga ambao hawajazaa. Anayelivuta naye husema, "Ziwa kubwa hili, litaisha?" Ni swali lile lile la bombani. Leo wavuvi wenyewe wanajua: unakwenda mbali zaidi, mafuta ya injini yanapanda, samaki wadogo.

Sasa turudi nyumbani. Futari ya jana: uji, mihogo, tambi, magimbi, sato wa kukaanga. Nani alivimaliza? Asubuhi vimekwenda wapi?

Lakini tuwe makini. Kuna mtu anabana ili alimbikize, anajiita mwenye kiasi. Huyo ni bahili tu. Suratul Furqan, aya ya 67, inawasifu waja wa Rahmani kwamba wanapotoa hawafanyi israfu wala ubahili, bali wako katikati. Ukipunguza sahani yako, lazima kuwe na sahani nyingine inayoongezeka.

Siku chache zijazo tutatoa Zakatul Fitri. Kipimo chake ni kipi? Pishi. Kipimo kile kile alichoogea Mtume ﷺ ndicho tunachompimia maskini chakula.

*Zoezi la leo:* tawadha kwa kopo, siyo bomba. Na jioni pika pungufu kidogo, hicho ulichopunguza kipeleke kwa jirani kabla ya adhana.

Ee Allah, tupe mikono inayojua kuacha na inayojua kutoa. Aamin.

Tukutane kesho in shaa Allah. Mtumie na mwenzio.