Matibabu ya Maskini Katika Mwaka wa Dhiki

Mali ya dola ipungukapo, huzuka suala moja: ni haja gani ipunguzwe kwanza? Wengi hunyosha kidole kwenye matibabu, kwani mgonjwa hana nguvu ya kujitetea. Suala hili lapasa kupimwa kwa mizani ya haki, si kwa hesabu peke yake.

Wanaotaka mgonjwa alipe wana hoja, wala haifai kuidharau. Dhiki ya uchumi ilipoishika Tanzania katika miaka ya 1980, matibabu ya serikali yalikuwa bure, walakini dawa zilikuwa haba. Na bure isiyo na dawa ni jina tupu. Ndipo mwaka 1993 hospitali zake zikaanza kutoza ada, wakasamehewa wenye mimba, watoto wasiotimiza miaka 5, na fakiri asiyeweza kulipa.

Hata hivyo hoja hiyo ina kasoro. Mwaka wa dhiki haupigi hazina peke yake. Huupiga mfuko wa maskini siku ile ile. Huko Mbulu na Hanang, mvua zikikosa, mkulima wa Kiiraki hukosa mahindi na mfugaji wa Kibarbaig hufiwa na ng'ombe. Kumdai ada wakati huo ni kuteka maji katika kisima kikavu. Na huo msamaha humlazimu kuonyesha ufakiri wake mbele za watu. Wako waonao afadhali kulala na maradhi kuliko kuivaa aibu hiyo.

Mbulu iko hospitali ya Haydom, iliyofunguliwa na misheni ya Kilutheri ya Norway mwaka 1955. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya gharama zake imetoka Norway. Wema huo wastahili shukrani. Illa uzima unaotegemea ukarimu wa nchi ya mbali hutegemea pia shida za nchi hiyo. Mtoaji akibadili nia, mgonjwa hana pa kushitaki, kwani hisani haidaiwi; haki ndiyo idaiwayo.

Sultani Qalawun alipojenga hospitali yake mjini Cairo mwaka 1284, hakuiachia huruma ya kila mwaka. Aliiwekea wakfu, na mapato yake yakatibu tajiri na fakiri. Watu wa pwani wajua maana yake: shamba likiisha kuwekwa wakfu, mwenyewe hawezi kulirudia kwa kuwa amefilisika. Fedha ya matibabu nayo yapasa itengwe wakati wa neema, isiguswe kwa haja nyingine. Sheria ya bima ya afya kwa wote, iliyopitishwa Tanzania mwaka 2023, yaweza kufanya kazi hiyo, iwapo mzima atatoa kabla hajaugua, na fungu la fakiri likachukuliwa na wote.

Tarehe 3 Desemba 2023 tope la Mlima Hanang liliporomokea Katesh, wakafa watu zaidi ya 80. Majeruhi hawakuweza kungoja mwaka wa neema. Basi dola iliyopungukiwa na ipunguze kwanza safari, majumba na mapambo. Matibabu yawe ya mwisho, kwani uhai wa raia ni amana, na mwenye kushika amana ataulizwa. Na tawfiki yatoka kwa Mwenyezi Mungu.