Bastola Nzuri

Juzi usiku nikiwa kitandani na simu, nilikutana na picha ya bastola nikajikuta nikisema kwa sauti: "Aisee, hii ni kali!" Ilikuwa Colt ya karne ya 19. Majani yaliyochongwa kwa mkono yalijikunja juu ya chuma chote, na mshiko wake wa pembe ya ndovu ulikuwa umegeuka manjano kama meno ya mzee. Niliikuza picha, nikaitazama dakika kumi nzima. Kisha nikamkumbuka binamu yangu, ambaye anachechemea kwa sababu ya risasi. Nikaona aibu.

Lakini aibu ya nini? Si bastola hiyo iliyompiga. Wakusanyaji watakuambia wanachopenda ni ufundi, wala si kifo, na kwamba silaha nyingi za nakshi zilikuwa zawadi tu. Ni kweli. Samuel Colt mwenyewe aliwatunuku wafalme bastola zilizopambwa kwa dhahabu. Ila hebu fikiria alitaka nini: majeshi yao yanunue zile za kawaida, kwa maelfu. Urembo ulikuwa tangazo la biashara.

Kuna nyingine, Colt Walker ya 1847. Silinda yake ina picha ya askari wa Texas wakipigana na Wacomanche. Aliyeichora, Ormsby, alikuwa mchongaji wa noti za benki. Hapo nakshi haifichi mauaji, inayasifu. Leo bastola moja ya aina hiyo inaweza kuuzwa kwa zaidi ya dola milioni 1. Ukiisifu mistari yake, unasifu nini hasa?

Swali hili linatuhusu hata sisi. Kiwanda cha Colt kilikuwa jimbo la Connecticut, na jimbo hilohilo ndilo lililonunua pembe nyingi za ndovu kutoka Zanzibar ili kutengeneza vibonyezo vya piano. Pembe hizo zilitoka bara, mabegani mwa wapagazi na watumwa. Tarehe 30 Aprili 2016, Kenya ilichoma tani 105 za pembe hapa Nairobi. Wapo waliouliza, si bora tungezichonga au kuziuza? Jibu lilikuwa rahisi: uzuri huleta bei, na bei humrudisha mwindaji porini.

Je, hizi bastola nazo zichomwe? Sidhani. Kuinunua Colt ya zamani hakumuui Mcomanche mwingine. Lakini mwenye kuiweka kwenye kabati la kioo ana deni: aieleze yote, majani na risasi pamoja. Akitaja jina la mchongaji na kunyamaza kuhusu waliopigwa, amechagua upande.

Asubuhi nilimtumia binamu ile picha. Nilidhani atakasirika. Alikaa kidogo, akajibu:

"Ni nzuri, kusema kweli. Ilimpiga nani?"

Nikarudi kwenye tangazo la mnada. Walikuwa wameandika uzito, urefu, mwaka na bei. Hilo hawakuandika.