SADAKA NA TITI LA MAMA

Ukame uliodumu toka 2020 hata 2023 uliteketeza mifugo ya Kajiado, na nyumba za wafugaji pande za Bisil zikapungukiwa na maziwa. Twauliza: apelekaye mikebe ya maziwa ya unga mahali kama hapo amefanya wema? Nia yake njema. Lakini nia haichemshi maji. Maziwa yaliyokorogwa kwa maji machafu huleta kuhara, na titi lisilonyonywa hukauka. Mkebe ukiisha, mtoto hukosa vyote viwili. Qurani imetaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha, na ikamlazimu baba kumlisha mama. Basi, ndugu zetu, sadaka na imfikie mama kwanza: chakula, maji na utulivu. Mkebe ni wa yatima asiye na wa kumnyonyesha, tena chini ya uangalizi wa mganga. Thawabu tuitaraji, lakini tusiinunue kwa uhai wa mtoto.