KICHEKO KINAMWANGUKIA NANI?

Jumatano

Soma 1 Wafalme 18:20–29. Eliya anamdhihaki nani? Je, wenye nguvu siku ile walikuwa akina nani?

Kule Karmeli Eliya alisimama peke yake, mtu aliyetafutwa na mfalme kila mahali. Mbele yake walikuwapo manabii 450 wa Baali, na nyuma yao kiti cha enzi cha Ahabu na Yezebeli. Watu waliulizwa watasitasita hadi lini, wakanyamaza. Ilipofika adhuhuri Eliya akafanya mzaha: huenda mungu wao yuko safarini, au amelala usingizi. Mzaha ule haukumwonea mnyonge. Uliwaonyesha watu kwamba kile walichokiogopa hakina masikio.

Soma Marko 15:16–20. Mzaha wa askari una tofauti gani na ule wa Eliya?

Hapa kikosi kizima kinamzunguka mfungwa mmoja aliyekwisha kupigwa mijeledi. Wanamvika vazi la zambarau na taji ya miiba, kisha wanampigia magoti. Kicheko chao hakikumpunguzia Pilato chochote. Kilimwongezea maumivu Yeye aliyekuwa amefungwa. Wala hawakujua kwamba wanayemwita mfalme kwa kejeli ni Mfalme kweli.

Biblia haikatazi kucheka. Hata utani wetu wa jadi hujenga undugu, kwa sababu kila mtani ana haki ya kujibu. Lakini miaka kadhaa iliyopita, katika darasa nililolifundisha, ndugu mmoja aliyekuwa mlinzi wa kanisa alikwama akisoma fungu. Mzee mmoja akasema kwamba Sabato ijayo itatukuta bado tunamsubiri. Darasa zima likacheka, nami nikacheka. Ndugu yule akatabasamu. Angemjibu nini mzee wa kanisa? Sabato iliyofuata alibaki langoni. Nilimwendea nikamwomba radhi, akanisamehe; ila tangu siku ile hakukubali tena kusoma mbele za watu.

Kabla ya kumtania mtu, tujiulize: je, huyu anaweza kunijibu bila kuogopa? Kama hawezi, tumekwisha kusimama pamoja na askari.

Maswali ya Kujadili

1. Katika kanisa lenu, ni nani huchekwa mara nyingi? Ni nani hachekwi kamwe? Kwa nini?

2. Darasa zima linapomcheka mtu mmoja, anayekataa kucheka afanye nini zaidi ya kunyamaza?