Tuwachore Mashujaa wa Usukuma Wakichekesha

Sisi watu wazima wa Usukuma tuna desturi ya kuwakabidhi watoto wetu mashujaa wa kale wakiwa wamenuna. Katika hotuba za sherehe na katika kurasa chache za vitabu zinazowagusa, babu zetu husimama wima, mkuki mkononi, hawajikwai, hawaogopi, hawasemi hata neno moja la kijinga. Mtoto akishawasikia anapiga makofi kwa adabu, kisha anarudi kwenye katuni za runinga zenye mashujaa wa Japani na Marekani, kwa sababu wale huanguka matopeni, hula kupita kiasi na kubishana na rafiki zao. Mkoa wetu wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa, sehemu kubwa yake, kutoka Shinyanga, na bado tunautafutia sura yake. Hoja yangu ni kwamba sehemu ya sura hiyo ingepatikana katika hadithi za picha zenye vituko, zinazowachora mashujaa wetu wa kale kama watu wa kuchekwa na kupendwa kwa wakati mmoja.

Jambo hili limefanyika kwingine, na taifa lililolifanya halikuwa na historia ya raha. Mwaka 1972 mchoraji wa Poland, Janusz Christa, alianza kuchapisha katika gazeti la jioni la mji wa Gdańsk vituko vya Kajko na Kokosz, askari wawili wa Kislavi wa zama za kale. Kajko ni mfupi, mwepesi na mwenye akili. Kokosz ni jitu nene linalojisifu kutwa na kuwaza chakula. Wanailinda ngome ya magogo ya bwana wao Mirmił, mtawala mwema ambaye shida ndogo tu humkatisha tamaa, mpaka mkewe Lubawa aingilie kati. Adui zao ni kundi la wapiganaji wenye kofia za chuma, wakiongozwa na Hegemon, na kila hila yao huishia kwa wao wenyewe kukimbia. Msomaji wa Poland hakuhitaji kuambiwa kofia zile zinamkumbusha nani: wapiganaji wa msalaba wa Kijerumani, waliopigana na wazee wake hadi wakashindwa vibaya huko Grunwald mwaka 1410. Poland iligawanywa na jirani zake ikafutika kwenye ramani kuanzia 1795 hadi 1918, kisha ikavamiwa na Ujerumani mwaka 1939. Christa mwenyewe alizaliwa mwaka 1934, kwa hiyo vita vile vilimkuta mtoto. Watu wenye vidonda hivyo walimchora mvamizi akiwa mjinga na mlinzi wa nchi akiwa mlafi, na watoto wao wakawapenda babu zao zaidi.

Najua jibu litakalotolewa na wazee wengi, na ni jibu la kuheshimiwa: kwetu mkubwa hachekwi, na marehemu ndiyo kabisa. Lakini simulizi zetu wenyewe hazikubaliani na ukali huo. Tazama hadithi ya Masala Kulangwa, ambayo kila Msukuma aliyekaa na bibi yake ameisikia kwa namna moja au nyingine. Zimwi Shing'weng'we limemeza watu wote na mifugo yote, akabaki mama mmoja mjamzito aliyejificha kwenye makapi. Mtoto anazaliwa, anakua, anauliza baba yuko wapi. Akishaambiwa, anatoka kwenda kuwinda, anarudi na panzi, anamwonyesha mama yake: huyu ndiye aliyemmeza baba? Hapana mwanangu. Kesho anarudi na ndege, anauliza vilevile. Siku nyingine na mnyama mkubwa kidogo. Msimulizi hodari huirefusha sehemu hii kwa makusudi, kwa sababu hapo ndipo watoto hucheka, na wanacheka huku wakijua kwamba huyu anayebeba panzi ndiye atakayelipasua zimwi na kuwatoa watu wote. Ushujaa na kichekesho vimekaa katika mwili mmoja, na wala hakuna aliyeona kwamba heshima ya Masala imepungua.

Ngoma zetu pia zina ushahidi huo. Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyofuata nyayo za waasisi wao mahasimu, Ngika na Gumha, hukabiliana baada ya mavuno na kushindana kuvuta watazamaji. Anayevuta wengi ndiye mshindi, na wengi hawavutwi na hotuba. Kwa hiyo wachezaji huleta nyoka, huleta nungunungu, huigiza, hukejeliana kwa nyimbo, hufanya kila kituko kitakachomtoa mtu upande wa pili. Ukifikiria vizuri, Ngika na Gumha ni jozi iliyo tayari kwa kalamu ya mchoraji: wanaume wawili, kila mmoja akiamini dawa yake ya kuvuta watu ni kali kuliko ya mwenzake, kila mmoja akichungulia umati wa mwenzake unavyoongezeka.

Pingamizi la pili linatoka kwa walimu, nao wanahofia ukweli. Mtoto akimsoma Mwanamalundi katika katuni, wanauliza, atajuaje kipi kilitokea na kipi kimetiwa chumvi? Mwanamalundi alikuwa mtu kweli. Jina lake ni Igulu Bugomola, wa upande wa Nera huko Kwimba, mcheza ngoma mashuhuri aliyefariki mwaka 1936. Kumzunguka yeye kuna mambo mengi yanayosimuliwa: kwamba alinyoosha kidole mti ukakauka, kwamba Wajerumani walimfunga wakashindwa kumshikilia. Mimi naona hatari kubwa iko kwenye kuyasimulia haya kwa uso mkavu, kwa sababu hapo ndipo mtoto huyapokea kama taarifa ya polisi. Mchoro wa kuchekesha hutangaza chumvi yake waziwazi. Ukimchora kwa miguu mirefu inayosimuliwa, akiruka uzio wa gereza huku askari akihesabu pingu zilizobaki tupu, msomaji wa miaka kumi ataelewa kwamba hapa watu waliotawaliwa wanajisimulia walivyotamani mambo yawe. Nayo ni historia, tena ile ambayo ripoti za mabwana shauri haziwezi kuwa nayo. Mwalimu anaweza kuanzia hapo na kuuliza kipi tunacho kwa ushahidi.

Lakini liko pingamizi zito kuliko yote, na sitalipita haraka. Kanda hii imemwaga damu kwa ajili ya imani ya uchawi. Vikongwe wameuawa kwa kuwa macho yao ni mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni na samadi waliopikia wajukuu zao. Ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa. Waganga wa ramli chonganishi wamewataja wasio na hatia, na wenye mapanga wakaamini. Je, katika nchi kama hii, ni busara kuwapa watoto vitabu vilivyojaa dawa na mazingaombwe? Ningekubali kwamba si busara kama vitabu hivyo vingekuwa vya kutisha. Uchawi huua pale unapoogopwa, na hofu ndiyo mtaji wa mpiga ramli. Katika vituko vya Kajko na Kokosz yumo bikizee Jaga, mchawi anayejulikana na wote, na kijiji kikipatwa na shida hukimbilia kwake. Watoto wa Poland wamekua wakimcheka na kumpenda kama bibi wa jirani. Na sisi hatuna haja ya kuazima, kwa sababu mwisho wa hadithi ya Masala Kulangwa una jambo hilohilo. Anapolipasua tumbo la Shing'weng'we, kisu chake kinakata sikio la bikizee mmoja aliyekuwa ndani. Bikizee anakasirika, anatishia kumroga. Shujaa, ambaye ametoka kuua zimwi na bado ana kisu mkononi, hamgusi. Anatafuta dawa, anamtibu sikio, hasira inakwisha. Nikiambiwa nichague ukurasa mmoja tu wa kuchorwa na kusambazwa katika shule zote kuanzia Maswa hadi Bariadi, ni huo: ajuza mwenye hasira ameshika sikio, na kijana mwenye nguvu amepiga magoti mbele yake na majani ya dawa.

Wapo watakaosema kumsifu shujaa wa Kisukuma ni kuchochea ukabila. Hadithi hizi zikiandikwa kwa Kiswahili zitakuwa za kila Mtanzania, kama vile Abunuwasi aliyetoka mbali alivyokuwa wetu, hata mchora katuni Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam, akamchora katika kitabu cha Kiswahili miaka ya 1990. Wengine watasema hakuna fedha. Vitabu vya rangi ni ghali, hilo ni kweli, lakini Christa alianza na ukanda mdogo wa picha nyeusi na nyeupe gazetini, na jarida la Sani liliwapa Watanzania wahusika wa katuni Madenge, Kipepe na Ndumilakuwili kwa karatasi ya bei rahisi. Vijana wenye mkono wa kuchora hatuwakosi. Wanachora mabango ya maduka na kuta za vinyozi katika kila mji ulio kando ya reli, Malampaka ikiwemo.

Kinachokosekana ni mtu wa kuwapa kazi. Wahariri wa magazeti, tengeni nafasi ya picha tatu kila toleo. Wachapishaji, njooni Usukumani na daftari, mkae na wazee, na mwende Bujora kwenye makumbusho ya Wasukuma kabla ya kumwagiza mchoraji. Halmashauri za Simiyu, mkiandaa bajeti ya utamaduni, wekeni humo fungu la wachoraji, na mwaagize waanze na Masala Kulangwa.