Haya ya Kusema "Sijui"

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Je, kujibu usilolijua ni nini?

Kijana wa jirani, anayetaka kuunda mtambo wa kurusha cheche, aliniletea kapasita mbili kuukuu. Ya maikrowevu niliitambua: imeandikwa volti 2,100, nayo huweza kushika umeme na kuua hata baada ya chombo kuchomolewa. Ya pili, kopo la bati linalovuja mafuta, maandishi yake yamefutika. Mtaani huniita fundi. Niliona haya, nikataka kubahatisha. Lakini deni la haya yangu angelilipa yeye. Mafuta ya kapasita za kale huweza kuwa na sumu ya PCB, ambayo utengenezaji wake ulipigwa marufuku Marekani mwaka 1979.

"Sijui, mwanangu," nikasema. "Tusiiguse."

Hakunidharau. Kesho yake alirudi na maswali mengine.